Kandambili Kando ya Ngazi: Balozi Wetu Akabidhi Zamu

Balozi wetu amestaafu tarehe thelathini Juni, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minane: ishirini na minne katika jeshi la wanamaji, alikofikia cheo cha komodori, na kumi na minne katika ubalozi. Wageni walioalikwa kumuaga walisimama ukumbini muda mrefu, glasi mikononi, mwenye sherehe asionekane. Wengine walidhani amekasirika, wengine anaumwa. Wana haki ya kuelezwa, na maelezo yenyewe hayatenganishwi na wasifu wake.

Alijiunga na jeshi akiwa kijana mwembamba ambaye, kwa maneno ya mkewe, hakuvaa kofia bali kofia ilimvaa yeye. Akiwa luteni mpya alipokea zamu asubuhi moja, meli ikiwa imetia nanga. Afisa aliyekuwa akitoka alikuwa na haraka ya chai. Alisema mambo ni shwari, akashuka. Luteni alikuwa amekwisha kufungua kinywa kuagiza injini ijaribiwe, alipoona kandambili kando ya ngazi, zimepangwa vizuri, hazina mwenyewe. Badala yake akauliza ni za nani. Zilikuwa za mzamiaji, na mzamiaji alikuwa chini ya meli wakati huo huo, akikwangua yale mapanga yanayoisukuma. Injini ingewashwa, kisingebaki kitu cha kuzika.

Tangu siku hiyo hakukabidhi wala kupokea zamu bila kuuliza nani yuko nje, na alitaka jibu la mtu aliyeona kwa macho yake. Wanamaji wakamwita Kandambili, mbali na masikio yake, hata alipokuwa komodori.

Alipoteuliwa kuwa balozi, tulidhani swali hilo limebaki baharini. Lilikuja naye. Kila jioni aliyeshika simu ya dharura alisimama mbele ya meza yake na kumkabidhi mwenzake kwa sauti: mwanafunzi gani amelazwa, msafiri gani amepoteza pasipoti, nani yuko nje. Anayepokea alikuwa na haki ya kukataa, na zamu haikuisha mpaka atamke kwamba ameipokea. Tulicheka sana. Dereva alisema iko siku Mzee atauliza kama magurudumu yote manne yamerudi. Nyumbani, asema mkewe, hata paka alihesabiwa kabla ya chakula. Lakini ni kwa utaratibu huo kwamba machafuko yalipozuka katika nchi hii, wanafunzi wetu wote walirudi kwa wazazi wao, wala hakuachwa hata mmoja.

Mtihani wa mwisho ulikuwa meli kuukuu ya mizigo, iliyotelekezwa na mwenyewe nje ya bandari, inavuja, na ndani yake mabaharia wetu. Kwa wiki kadhaa Balozi alibisha hodi katika ofisi za wenyeji ili washushwe. Alikonda. Fundi cherehani alikuja kumpima suti ya sherehe, akarudishwa mara mbili. Asubuhi ya siku ya kustaafu, ofisi ya bandari ilipiga simu: wote wameshushwa, wako hosteli. Balozi aliketi, akafumba macho, akaomba chai.

Alasiri, upepo ukiwa umeanza kugonga madirisha, alimwita naibu wake, mama anayekaimu nafasi yake, ili amkabidhi. Mama huyu ndiye aliyeudhihaki utaratibu huo kuliko sisi sote. Aliuita gwaride la simu. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza nani yuko nje. Balozi akajibu kwamba hakuna, wote wameshuka.

"Nani amewaona?"

Akataja ofisi ya bandari.

"Basi sipokei, Mheshimiwa."

Balozi hakubisha. Alivua koti la suti mpya, akalitundika kitini. Afisa wetu anayeshughulikia raia alikimbilia hosteli, naye akapiga simu kutoka huko: fundi wa mashine hayupo. Waliopanda boti ya kwanza walidhani amepanda ya pili, na wa pili walidhani amepanda ya kwanza. Alikuwa amebaki chini kabisa melini, akihangaika na pampu.

Boti ikatumwa tena, na bahari imekwisha kuchafuka. Tulikaa chumbani humo tukisubiri simu. Balozi alisimama dirishani, ingawa dirisha lile halionyeshi bahari, bali ukuta wa benki. Ukumbini muziki ulikwisha, ukaanza upya. Mkewe alifika mlangoni, akamtazama, akarudi kuwaomba wageni wavumilie. Simu ililia mara mbili, na mara zote mbili alikuwa mpishi wa hafla.

Mara ya tatu alikuwa fundi mwenyewe, meno yakigongana kwa baridi.

"Mzee, nilishaanza kudhani hakuna atakayeniulizia."

Balozi akampa naibu simu. Mama akamuuliza fundi kama amepata nguo kavu, na kama amebaki mtu melini. Fundi alisema amepita kila chumba mwenyewe; hakuna. Ndipo mama aliposimama wima mbele ya meza.

"Zamu nimeipokea."

Chakula kilikuwa kimepoa. Zawadi ya wafanyakazi ilikuwa kandambili mpya ndani ya kisanduku cha heshima, na wageni waliotushangaa kwa kucheka huku tukifuta machozi sasa wamejua sababu.

Mheshimiwa, tunakushukuru kwa swali ulilotuachia. Zivae kandambili zako, upumzike na mkeo kwa afya na amani, wala usiziache tena kando ya ngazi yoyote. Aliyekuwa nje miaka yote hii amerudi salama. Tumemwona kwa macho yetu.