Severina Kikoti, Mtunza Rangi za Sura Zetu

9 Juni 1961 – 12 Oktoba 2025

Wengi mliokaa chini ya maturubai haya, sura zenu zimepita mikononi mwa marehemu: za kipaimara, za harusi, za mahafali. Mimi ni mdogo wake, Didas, na familia imeniomba niwasomee maisha yake.

Dada Severina alizaliwa tarehe 9 Juni 1961 karibu na Ilula, wilaya ya sasa ya Kilolo, akiwa wa kwanza kati ya watoto watatu wa mzee Sosthenes Kikoti na mama Faustina. Mama alifariki mimi nikiwa na miaka minne, kwa hiyo aliyenibeba, akanilisha na kunichapa ni yeye. Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia 1969 hadi 1975, akaishia darasa la saba. Alikuwa na akili kunishinda mimi niliyepelekwa sekondari, na hilo hakuacha kunikumbusha.

Mwaka 1978 alipata kazi Iringa mjini, kwenye studio ya mzee Girish na mkewe Kumud. Alianza kwa kufagia, kisha akaingizwa chumba cha giza kusafisha picha. Mzee Girish alikuwa na somo moja tu: "Severina, angalia nyeupe kwanza. Nyeupe ikikaa sawa, zingine zote zitafuata." Siku zile mtu alivaa suti ya kuazima, akapuliziwa poda, akasubiri picha yake wiki nzima. Nikifunga macho bado nasikia harufu ya dawa za picha kwenye kanga yake alipokuja nyumbani likizo. Mteja akimwomba amng'arishe kidogo, alimjibu, "Mama yako alikuzaa na rangi yake, mimi ni nani niibadilishe?"

Tarehe 27 Septemba 1986 alifunga ndoa na mwalimu Gerson Mwaisumo, wakahamia Mbeya, na mwaka 1994 akafungua studio yake mwenyewe. Kompyuta zilipoingia, wenzake wengi walikata tamaa. Yeye alijifunza. Kila Jumatatu asubuhi aliweka kipimo chake juu ya skrini, kidude mfano wa kipanya cha kompyuta, kikasoma rangi moja moja na kuinyoosha skrini. Halafu alichapa viraka vya rangi kwenye kila aina ya karatasi, akavipima navyo, ili printa isidanganye. Hata hivyo picha haikutoka studio kabla hajaisogeza dirishani kuiangalia kwa mwanga wa Mungu.

Mwaka 2006 alikuja Ilula msibani, na mwalimu Gerson akaona amfurahishe mkewe: akapaka chumba cha kompyuta kijani kibichi. Dada alirudi akashukuru. Macho yakazoea ule ukijani, naye bila kujua akawa anauongeza kwenye picha. Wiki ya tatu bwana harusi mmoja wa Ubaruku akatua na albamu. "Mama Devota, mbona ukoo mzima tumekuwa kama tumelishwa mchicha?" Ukuta ukapakwa kijivu cha saruji, rangi isiyodanganya macho, siku hiyo hiyo, mwalimu akinung'unika, "Sasa hata kupendeza ni dhambi?" Mpaka leo kuna majirani wanaouliza nyumba ile itamaliziwa lini.

Kuanzia mwaka 2020 macho yake yaliingiwa na mtoto wa jicho, polepole, hata mwenyewe asitambue. Vyeupe aliviona vya njano. Kipimo kilimwambia skrini iko sawa, naye akasema kipimo kimezeeka, akawa anaongeza bluu kwa mkono. Picha alizozisogeza dirishani nazo alizisifu, maana aliziangalia kwa macho yale yale. Mwanawe Devota alimwambia, "Mama, watu wanatoka wamepauka kama wana baridi." Akafokewa. Mimi niliona, nikanyamaza. Ungemwambiaje mtu aliyekulea kwamba macho yake hayaoni? Nakiri mbele yenu kwamba nilikosea, na kimya changu kiligharimu sura za watu.

Machi 2024 alipasuliwa jicho la kwanza. Alishika karatasi tupu, akafumba jicho hili, akafumba lile, akasema, "Hili linaona maziwa, hili linaona chai ya maziwa." Kisha akaomba aletewe kazi zake za miaka minne, na alipoziona akalia. Harusi zilimuuma. Picha kumi na tisa za misiba zilimuuma zaidi, maana waliomo hawangeweza kurudi kupigwa nyingine.

Basi alizichapa upya, akazipeleka mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Nilimsindikiza Igawa. Alibisha hodi akasema, "Nilimkosea marehemu wenu rangi, nimekuja kumrekebisha." Bibi mmoja, Evarista, alikataa kata kata: "Huyu ndiye nimemzoea, mwaka mzima nasali naye." Dada alimwachia zote mbili. Lakini yupo aliyeiangalia mpya akapiga magoti.

Alipeleka kumi na nane. Iliyobaki ilikuwa ya mume wake, mwalimu Gerson, aliyefariki Februari 2022 na ambaye picha iliyowekwa juu ya jeneza lake aliichapa kwa macho yale mabovu. Kila tulipomkumbusha alisema, "Tuanze na za watu. Wa kwangu ananivumilia." Hapo figo zikamwangusha, na kuanzia Agosti mwaka huu hakuinuka tena.

Alhamisi, tarehe 9 Oktoba, Devota alipima skrini, akapima karatasi, akaichapa ile ya baba yake, akaipeleka hospitali. Dada aliomba tumgeuzie dirishani. Aliishika kwa mikono miwili, akaiangalia muda mrefu, mpaka muuguzi akasita na sindano yake. Akasema, "Ndiye. Nilikuwa nimeanza kumsahau."

Alifariki Jumapili asubuhi, tarehe 12 Oktoba 2025, picha ikiwa kifuani. Tumemwacha nayo.

Ameacha watoto wawili, Devota na Clement, wajukuu wanne, mdogo wake wa kike Blandina, na mimi.

Alale kwa amani dada yetu, na mwanga wa Bwana usimpungukie kamwe.