Bustani Juu ya Wapagazi

Benchi letu liko Gongoni, mbele ya duka la Hilali, mahali ambapo upepo wa kiangazi unazoa vumbi la barabara nzima na kulimwaga vikombeni. Hilali mwenyewe ndiye mpika kahawa. Babu yake alikuja Tabora na misafara, akaoa, akabaki. Mjukuu anauza kaniki na chumvi. Mimi nashona viatu pembeni ya mlango wake. Kasimiri, tunayemwita Gazeti, hana kazi inayojulikana ila kutusomea gazeti likishachakaa mikononi mwa wengine. Na Mahona, mstaafu wa reli, huongea kidogo kuliko sisi wote, ndiyo maana tukampa jina la Redio.

Siku moja Gazeti alitusomea habari za mji mmoja wa pwani. Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha miaka michache nyuma, na wakubwa wa mji ule walikuwa wanaupamba. Korti imepakwa chokaa, posta imeezekwa upya, na ufukwe wote kutoka gatini mpaka kwenye miamba umefanywa bustani: nyasi zimepandwa, viti vimewekwa, na jukwaa la bendi limesimamishwa. Mimi nikawaka. Nikasema soko letu halina hata choo, na wenzetu wanamwagilia nyasi ambazo mbuzi haruhusiwi kuzila. Hilali akacheka. Mahona hakucheka. Alimwomba Gazeti arudie pale pa miamba.

— Baba yangu amezikwa hapo, akasema.

Tumekaa naye benchi moja miaka na miaka, na hakuna aliyekuwa anajua. Akatueleza. Baba yake, Ngollo, alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu mpaka pwani Mahona akiwa bado mgongoni mwa mama yake. Ndui ikawapata wakiwa wameshatua mizigo. Wenye nyumba za mjini hawakutaka kuwaona, wakalala mchangani, na waliokufa wakazikwa na wenzao juu kidogo ya pale maji yanapofika. Baba mdogo ndiye aliyerudi na habari. Tangu hapo mama yake, kila mavuno, alimwaga unga uani akiwa ameelekea mashariki, mpaka naye alipokufa.

Gazeti alisema hapana, hakuna serikali inayoweza kupanda nyasi juu ya watu bila kuuliza. Mahona akasema atakwenda kuona. Akapanda treni, daraja la tatu, akiwa na unga wa mtama na kibuyu cha asali ya Ipole.

Alipokuwa hayupo tulibishana mpaka sauti zikakauka. Gazeti, aliyeanza kwa kuitetea serikali, kesho yake akawa anaapa kwamba Wazungu wamefanya makusudi, kwamba bendi hailii vizuri mpaka ipigwe juu ya watu waliolala. Mimi nikamwambia hao hawajui hata kama kuna watu. Tuligombana kweli, mpaka Hilali akatunyima kahawa.

Mahona alirudi amekonda. Alikaa, akanywa, ndipo akasimulia.

Alisema nyasi za pale ni kijani kama vile masika hayaishi. Tuta la kaburi hata moja hakuliona. Akaenda ofisini kuuliza, na karani akatandaza ramani, akaikagua kwa adabu kabisa.

— Mzee, ramani haina kaburi.

Akarudi bustanini. Mtu mmoja aliyekuwa anamwagilia alisikia lafudhi yake, akamvuta kando. Alikuwa Tobias, kijana wa Tura, huku kwetu kwenye njia ya reli, kibarua pale. Yeye ndiye aliyechimba msingi wa jukwaa la bendi. Walipofika chini walikuta mifupa, mingine bado ina shanga shingoni. Msimamizi akaamuru ichanganywe na kifusi, ikamwagwe nyuma ya ukuta unaozuia bahari.

— Nilijua ni watu wa kwetu, Tobias alimwambia. Nikamwaga. Ningefanya nini, baba?

Mahona hakumlaumu. Alikwenda kwenye ukuta, akapiga magoti, akamwaga unga na asali juu ya mawe. Akamweleza baba yake kwamba mama amefariki, akamtajia na wajukuu, jina kwa jina. Wazungu waliovaa nguo nyeupe walikuwa wanapita na watoto wao wakimtazama. Alipomaliza akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu. Askari akaja kumwinua, akisema viti vile ni vya Wazungu.

— Nimekuja kwa baba yangu, Mahona akamwambia.

— Baba yako yuko wapi?

Mahona akaonyesha ukuta. Askari akadhani amelewa, akamburuta. Alilala mahabusu, na asubuhi akafukuzwa na onyo asikanyage tena pale.

Hapo benchi likalipuka. Gazeti alitaka vibarua wote wa bara warudi makwao, tuone nani atamwagilia nyasi. Halafu akataka tupande treni na majembe, tubomoe ukuta, bahari iingie mpaka ndani ya posta. Mimi nikasema apelekewe Mfalme wa Uingereza mwenyewe malalamiko. Watu walisimama barabarani kutusikiliza.

Hilali mwishowe akaweka birika chini.

— Babu yangu ndiye aliyekuwa anawaajiri wapagazi. Yeye amezikwa hapa hapa, na kaburi lake lina jiwe.

Hakuna aliyemwomba aseme hayo.

— Najua, Mahona akasema. Huwa napita pale.

Habari zikasafiri na reli. Siku chache baadaye akaja mwanamke mzee kutoka Tura, mkongojo mkononi, akauliza nani ni Mahona. Tulimwamkia, shikamoo mayu, yaani mama kwa lugha ya kwetu, akaitikia. Jina lake Bernadeta. Baba yake naye alikwenda pwani na mizigo, na kwao hakurudi hata mtu mmoja wa kusema kilichompata. Mama yake alimngoja mpaka akazeeka.

Mahona alimpisha akae. Hakumwambia kwamba baba yake Bernadeta yumo nyuma ya ukuta ule, maana hakujua. Alimwambia tu kwamba wengi wamo. Bernadeta akataka kujua mahali penyewe palivyo. Mahona akamweleza: upepo ni mzuri, meli zinaonekana, viti ni vya mbao nzuri vinavyotazama maji.

Mama yule alisikiliza mpaka mwisho. Akasema treni ya pwani inapita kesho, naye ameshajiandaa.

— Safari ni ndefu na magoti yangu ni haya, akasema. Nikifika kwenye bustani hiyo, wataniacha nikae?

Gazeti alikunja gazeti lake. Hilali akainamisha birika, yakatoka machicha matupu. Bernadeta akatutazama mmoja baada ya mwingine, akingoja.