Kitanda cha Seremala

Asubuhi hiyo benchi la kahawa pembeni ya karakana ya useremala lilikuwa na watu watatu tu: Kinyozi, Dereva, na Seremala, kijana wa miaka thelathini na miwili anayeishi kwa mama yake. Seremala alikuwa hana raha, akawasimulia wenzake kisa chake. Wiki tatu alikuwa akijiundia kitanda cha mbao ngumu, Jumamosi ahamie nacho kwenye chumba alichopanga. Jana akakipitisha nyumbani, mama akadhani ameletewa zawadi. Akashukuru hadi machozi yakamtoka, akatandika shuka. Seremala akashindwa kumwambia kwamba anahama.

— Basi usihame, alisema Kinyozi. Haraka haraka haina baraka.

— Miaka thelathini na miwili ndiyo haraka?

— Mimi nina thelathini na mitano, niko kwa mama, na wala sijafukuzwa! Vijana hatuhami sababu ya chai ya mama. Ukiinywa miaka ishirini inashika miguu.

— Si chai, ni kikohozi, alidakia Dereva. Mzee akikohoa chumba cha pili, mimi nalala fofofo. Nilihama mwezi mzima sikupata hata lepe la usingizi. Nikarudi. Ng'ombe hashindwi na nunduye, bwana.

— Inaingiaje hapo hiyo? aliuliza Seremala.

— Nundu ni mimi! Mzee ananibeba, namshukuru Mungu.

— Tumekosea wote, alisema Kinyozi. Ni kuta. Kuta zinamzoea mtu, akitoka zinapasuka. Sisi ndio nguzo za nyumba, tuheshimiwe!

Wakaangua kicheko, hata Seremala. Mama mmoja mgeni, aliyefika kuagiza stuli, alikuwa amesimama akiwasikiliza tangu mwanzo.

— Samahani wanangu. Huyo mama, kabla ya hicho kitanda, alikuwa analala wapi?

Kinyozi akainamia kikombe chake. Dereva akatazama barabarani.

Seremala alijua. Sebuleni, kwenye kochi, tangu alipoanza sekondari na mama akamwachia chumba pekee na godoro la chini. Mtaa mzima ulilalia vitanda alivyounda yeye. Aibu ikamshika, kisha shukrani ikamjaa, akaiacha kahawa yake.

— Jumamosi nahama, alisema akiinuka. Kitanda kinabaki. Chumba ni chake.

— Na wewe utalala wapi? aliuliza Kinyozi.

— Chini.

Akashika njia ya nyumbani, mbio, kwenda kumwambia mama asante ambayo alikuwa hajawahi kuisema.