Eje Zuurakan na Neno Lililokataa Kubanwa

Ijumaa, tarehe 31 Mei 2024, Zuurakan Eshimbekova anaondoka Idara ya Istilahi baada ya kuitumikia kwa miaka arobaini na miezi tisa. Kisheria alipaswa kuondoka miaka mitano iliyopita. Barua ya kwanza ya kumstaafisha aliirudisha kwa utawala ikiwa na masahihisho saba kwa wino mwekundu, ya pili ikiwa na matatu. Ya mwaka huu haikuwa na kosa. Aliisoma mara mbili, akaguna, akasaini.

Sote tunamwita Eje, dada mkubwa, hata mzee Sadyr wa mapokezi anayemzidi miaka minane.

Alikuja hapa na shahada ya hisabati, akiwa na miaka ishirini na miwili, kabla ya uhuru, mji wetu ukiitwa bado Frunze. Kazi yake ilikuwa kunakili maneno kwenye kadi. Wiki ya kwanza alipewa neno la lugha yetu, tamir, akaandika bila wasiwasi: kipeuo, yaani namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe huzaa namba nyingine. Daktari mshauri aliyekaa meza ya pili akachungulia, akaangua kicheko. “Binti, hicho unachokizidisha sisi tunakidunga sindano!” Kwake yeye tamir ni mshipa wa damu. Bwana wa mimea akadakia kwamba wote wawili wamepotea, tamir ni mzizi. Mfagizi naye, mama wa makamo kutoka Talas, akasema kwao tamir ni rafiki wa kufa na kuzikana, na mwenye kubisha abishe. Chai ilipoa siku ile. Eje aliirudia kadi yake, akaandika maana zote nne, na mbele ya kila moja akataja ni ya nani: ya hisabati, ya tiba, ya mimea, ya wazee.

Jambo dogo, mtu anaweza kusema. Lilikuja kumgharimu.

Mwezi Machi 2003 mkurugenzi wetu mpya wa wakati huo, Orozaly Bekkulov, alitoa amri: istilahi moja, maana moja. Neno lenye maana nyingi libaki na taaluma moja, nyingine zitafutiwe maneno ya kigeni. Tamir wakaachiwa watu wa mimea na wa hisabati, kwa hoja kwamba mzizi ni mzizi, uwe wa mti au wa namba. Madaktari na wauguzi wakapangiwa neno la kuazima ambalo silitaji hapa, maana Eje angelifuta.

Wakuu wote wa vitengo walisaini, isipokuwa Eje, ambaye wakati huo naye alikuwa mkuu wa kitengo. Mimi nilikuwa na miaka minne kazini, nilikaa kando ya ukuta nikiandika kumbukumbu za kikao, kwa hiyo nayakumbuka maneno yenyewe.

“Eje, usitukwamishe,” mkurugenzi alisema. “Au umesahau matufaha ya Kadyraly?”

Mwaka uliotangulia, kipeperushi chetu cha dawa ya kondoo kilisema chupa nzima imiminwe polepole kwenye tamir. Kadyraly, mkulima wa kando ya ziwa asiye na hata kondoo mmoja, alipewa chupa na jirani, akasoma, akaimimina kwenye mizizi ya miche yake ya matufaha. Sita ikakauka.

Eje alisimama. “Sijasahau. Kipeperushi kile nilikihariri mimi. Kiliandikwa ‘tamir ya kondoo’, nikakata ‘ya kondoo’ ili mstari utoshe. Kosa ni langu, si la neno. Nilikwenda kwake, nikang’oa ile miche naye kwa mikono yangu. Mnipe adhabu mimi. Neno liacheni.”

“Basi saini, yaishe.”

“Mdogo wangu Orozaly, leo jioni mshike mama yako mkono umpime mapigo, umwambie na jina jipya la hicho unachokishika. Akikuelewa, kesho nasaini.”

Hakusaini. Siku ya tatu alivuliwa ukuu wa kitengo, akapelekwa ghorofa ya chini kupanga vitabu chakavu vya shule. Alikaa huko miaka miwili na zaidi. Hatukukatazwa kumtembelea, lakini tulijikataza wenyewe. Mimi ilinichukua mwezi mzima kuzishuka zile ngazi. Nilipofika na bakuli la maandazi, aliniuliza jambo moja tu: prufu, zile kurasa za kusahihisha kabla ya chapa, za kitabu kipya cha wauguzi wa vijijini zimefikia wapi? Nilimletea nakala.

Alichukua likizo yake yote, akaenda kwao Jumgal na zile prufu mkobani. Alipita vituo vya afya kimoja kimoja, akawaomba wauguzi kumi na wanne wasome ukurasa wa thelathini na moja, wenye lile neno la kuazima, kisha kila mmoja aandike angemfanyia nini mgonjwa. Watatu walielewa. Wawili walirudisha karatasi tupu. Tisa waliamini neno lile jipya ni kifaa. Muuguzi Uulkan, mwenye miaka thelathini kazini, alimshika bega akamwambia, “Dada, hicho kifaa tuliagiza mwaka juzi. Waambie huko mjini hakijafika.”

Julai 2005 alipanda na karatasi hizo hadi kikao cha kamati ya kupitisha istilahi bila kualikwa, akazitandika mezani moja moja. Walizisoma. Aliyeicheka karatasi ya Uulkan aliacha kucheka alipofikiria mgonjwa.

“Zuurakan,” profesa wa mimea alimuuliza, “kweli unataka neno moja libebe mizigo minne?”

“Limeibeba tangu kabla idara hii haijajengwa. Kazi yetu ni kuandika mzigo upi ni wa nani. Mimi niliwahi kuona uvivu kuandika, na mmeona kilichotokea.”

Kura zilikuwa sita kwa tano. Tamir ilibaki kwa wenyewe wote, na tangu siku ile hakuna maana inayotoka katika jengo hili bila jina la taaluma yake mbele. Kitabu cha wauguzi kilipigwa chapa upya. Kiti cha ukuu wa kitengo hakikurudi. Eje alimaliza utumishi wake akiwa mhariri wa kawaida, na lile neno la kuazima lingali kwenye fomu za maduka ya dawa mpaka leo. Ukimuuliza, hujibu, “Najua lilipo.”

Ametuachia kamusi tisa na kadi zaidi ya elfu ishirini na tatu. Ametuachia pia tabia mbaya ya kuuliza “ya nani?” kila tunaposikia neno kubwa, hata kwenye hotuba za viongozi. Utawala umetuandikia kwamba nafasi yake haitajazwa. Tumejibu kwa maandishi kwamba itajazwa, na tutaendelea kujibu.

Eje haendi kupumzika. Shule ya kijijini kwao imekosa mwalimu wa hisabati kwa miaka mitatu, naye ameahidi kuanza Septemba. Wiki iliyopita alikwenda mara moja kujitambulisha. Jumatatu simu ya ofisi ikalia. Aliyepiga alikuwa mwalimu mkuu wa shule hiyo, sauti chini kama mtu aliyejificha.

“Ndugu zangu, huyu mama kweli amestaafu? Hajaanza hata kipindi kimoja, ameshavirudisha vitabu vyangu vyote vya darasa la sita wizarani, vimejaa wino mwekundu!”

Ndiyo, mwalimu, amestaafu. Vumilia, utamshukuru. Nawe Eje wetu, ahsante kwa kila kadi na kwa kila “hapana”. Tunakutakia afya, chai ya moto, na wabishi wa saizi yako.