Mkunga Aliyehamia Langoni

Ijumaa, tarehe 29 Novemba 2024, Maman Martine M'Cirhuza atavua koti lake la kijani na kwenda kupumzika, baada ya miaka thelathini na sita katika maternité yetu, nyumba ya uzazi ya parokia hapa Bukavu. Miaka ishirini na miwili alizalisha. Kumi na minne alikaa langoni. Wengi wanaomjua wa langoni tu huuliza: ilikuwaje mkunga hodari namna ile akapewa funguo? Mimi ninayeandikisha wagonjwa kwenye dirisha la jirani nilimuuliza mara nyingi sana, naye alinijibu kidogo kidogo, kwa miaka minne.

Alianza kazi mwaka 1988. Waliofanya naye kazi wanasema alikuwa anafumba macho akipapasa tumbo la mama, kisha anakuambia mtoto amelala namna gani. Mwaka 2010, akirudi kutoka ubatizo Nyangezi, pikipiki aliyopanda iliteleza kwenye matope. Mkono wa kulia ulipona, lakini vidole vitatu havikusikia tena kitu, hata joto la sufuria. Mkunga bila vidole hawezi kuzalisha. Ndipo wakampa lango.

Miezi minane, alinisimulia, aliingia kanisani akakaa benchi la mwisho, kinywa kimefungwa. Hakuwa na la kumwambia Mungu. Kila mtoto aliyelia ndani alimchoma moyo huko nje.

Kisha akaja mama mjamzito, Bintu. Asubuhi hiyo foleni ilikuwa ndefu na wanawake walikuwa wakilalamika kwa sauti. Bintu peke yake alikuwa kimya, akisalimia watu kwa adabu, akiegemea ukuta. Wote walimwona mpole. Maman Martine aliona visigino vinavyoburutwa na midomo iliyokauka. Akajua huyu ameumwa uchungu siku mbili nyumbani na nguvu zimekwisha. Aliacha funguo kwenye lango, akamshika kiunoni, akapita naye mbele ya wote. Mapacha walizaliwa kabla ya saa nne. Hao leo wako sekondari.

Siku hiyo alisali. Alimwambia Mungu, kwa ukali kidogo: "Kumbe ni hapa ulikuwa unanileta? Ungeniambia basi!" Nilimuuliza kama anaona ajali ile ilikuwa zawadi. Hapana, alisema. Ajali ni ajali, na maumivu ni maumivu. Lakini Mungu hakubaki kule barabarani. Alirudi pamoja naye, akaketi langoni. Tangu hapo, hakuna mama aliyepita mbele yake bila kutazamwa kuanzia miguuni.

Tusisahau waume! Wanaume wanaosubiri hutembea huku na huku, wakiwasumbua wauguzi. Maman Martine aliwawekea ungo wa maharage ya jikoni wachague mawe. "Papa, ikala, kaa chini! Utanimalizia ciment ya sakafu na kutembea!" Walimu, wafanyabiashara, hata injinia mmoja mwenye tai, wote walichagua. Wagonjwa wetu hawajatafuna jiwe tangu hapo.

Mwaka jana kijana mmoja, Hugues, alimleta dada yake kujifungua, kwa kuwa shemeji alikuwa sokoni Minova. Nilitoka dirishani nikamkuta ameinua harage moja kwenye mwanga, analikagua kama lulu. Nilisahau nilichotoka kufanya! Maman Martine aliona yote. "Elodie, karatasi zako ziko chini," aliniambia, akicheka. Leo Hugues ni mume wangu. Bado nalipenda mno neno hilo, lina wiki tatu tu.

Mwezi wa tisa barua ya pensheni ilifika. Aliificha kwenye mkoba wiki mbili. Aliogopa, na hakutuficha baadaye: lango lilikuwa limempa maisha mapya, sasa nalo linachukuliwa. Tulimwomba awe anakuja hata siku moja kwa wiki. Alikataa. Alisema Priscille, anayeshika nafasi yake, hatajifunza kutazama kama kuna mtu wa kutazama badala yake.

Anahamia Nyantende, kwa dada yake Madeleine. Jumanne nilimuuliza atafanya nini huko.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Zamani nilimuuliza Mungu, 'Sasa nitakuwa nani?' nikalia. Juzi nimemuuliza tena vile vile, na nikalala vizuri. Niko tu na hamu ya kuona."

Maman Martine, kwa niaba ya wafanyakazi wote, na ya wanawake ambao hata hawakujua kuwa uliwaona, tunakushukuru sana. Uende na amani, uishi siku nyingi na njema. Na Mungu akishakujibu, tafadhali utupigie simu. Nasi tuna hamu.

Elodie, mapokezi