Mama Blandine na Vijitabu Kumi na Vinane

Wasikilizaji wapendwa wa Panda, wa Shituru, wa Kikula na wa Likasi nzima, wekeni kando kwa muda mlichoshika mikononi. Leo kipindi hiki kinamkumbuka Blandine Mujinga. Wengi wenu mlimwita Maman Blandine wa mode d'emploi, yaani wa vijitabu vya maelekezo. Amefariki Jumanne iliyopita. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Amezikwa Alhamisi.

Kwa waliofungua redio sasa hivi, tunarudia: Blandine Mujinga, wa Panda, amefariki Jumanne, akiwa na miaka sabini na mmoja.

Ameacha binti mmoja, Fidélie. Ameacha wajukuu watano. Ameacha pia kazi ambayo haijakamilika, na kazi hiyo ndiyo iliyomleta Fidélie katika studio yetu, siku mbili baada ya mazishi, akiwa bado amefunga kitambaa cha msiba kichwani.

Tuanze na baba yake, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda cha shaba cha Shituru. Alimpeleka Blandine kujifunza kushona katika foyer social, nyumba ya mafunzo ya wanawake ya kampuni ya shaba, pamoja na wasichana wengine wa kambi ya wafanyakazi. Alijifunza kwa miaka mitatu, kisha akabaki kufundisha. Akafundisha miaka ishirini na sita.

Alikuwa mkali. Katika darasa lake, mkasi haukugusa kitambaa kabla mwalimu hajaupima mchoro. Alipima kwa futi, akapima tena, kisha akaandika chini ya karatasi maneno matatu ya Kifaransa: vu et vérifié. Imeonekana na imehakikiwa. Halafu akatia sahihi yake. Karatasi isiyo na sahihi hiyo ilikuwa karatasi tupu.

Fidélie anasema: "Minye mutoto yake nilikuwa naogopa ile signature kuliko fimbo. Hata cahier yangu ya hesabu ilipita mbele yake. Kama haikuandikwa vu et vérifié, hauendi kucheza."

Foyer ikafungwa. Mashini zikauzwa. Makabati yakauzwa, na karatasi zilizokuwamo zikauzwa kwa kilo. Blandine akarudi nyumbani, akawa anashona barazani kwake.

Kisha, wasikilizaji wapendwa, zikaanza kuingia mjini kwetu mashini za Ulaya. Mnazijua. Mashini kuukuu, za chuma, nzito, zilizoshonea watu wengine maisha yao yote, na bado zina nguvu ya kushonea wengine. Zilifika na waya zake, na wakati mwingine na sindano ya mwisho ya mwenye nazo. Kijitabu cha maelekezo hakikufika. Mama wa mtaani alinunua mashini, akaiweka mezani, akaketi mbele yake kama mtu aliyeketi mbele ya mgeni anayekataa kutaja jina lake.

Hapo ndipo watu walipoanza kubisha hodi kwa Blandine.

Akaanza kuvitafuta vijitabu. Aliandikia masista waliorudi kwao. Aliwaomba jamaa walioko ng'ambo wapige picha kurasa moja baada ya nyingine. Aliketi saa nyingi kwenye cyber, miwani ikiwa imeteremka puani. Na alikuwa na sheria moja, ambayo aliirudia hadi watu wakachoka: namba kwanza. Ipindue mashini. Futa tumbo lake kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Soma namba iliyogongwa kwenye chuma. Kijitabu ni cha namba, si cha sura.

Kwa miaka sita alivipata vijitabu vya mashini zaidi ya mia mbili. Kila kimoja alikitoa photocopy, akakishona mgongo kwa uzi, na ukurasa wa mwisho akaandika yale maneno matatu na sahihi yake.

Sasa tufike kwenye kosa. Familia imetuomba tusilifiche, na sisi hatutalificha.

Mfanyabiashara mmoja wa sokoni, anayeitwa Rolly, alileta kwa Blandine mashini kumi na nane, zipate vijitabu zikiuzwa. Zilifanana kama mayai. Nyeusi, zinang'aa, na kwenye mkono wa kila moja pamebandikwa ndege wa rangi ya dhahabu. Blandine alimfahamu ndege huyo. Kijitabu chake alikuwa nacho kabatini kwa miaka minne. Wanunuzi walikuwa wamesimama mstari, wakimshangilia. Akainama aipindue mashini ya kwanza.

Rolly akacheka. "Maman, ndege ni ndege! Utaipindua mashini tumbo kama mutoto ya minyoo?"

Watu wakacheka. Blandine naye akacheka. Akaiacha mashini ilivyokaa. Akatia sahihi mara kumi na nane.

Alikuwa ameona. Hakuwa amehakiki.

Wiki mbili baadaye Hadassa alifika kwake kutoka Shituru kwa miguu, amebeba kichwa cha mashini kichwani, kimefungwa ndani ya kitenge. Hadassa ni mjane kijana. Alikuwa amepewa kushona mavazi ya kwaya nzima ya kanisa lake, kazi yake ya kwanza kubwa. Sindano tatu zilikuwa zimevunjika. Ya nne ilivunjika pamoja na ncha ya ile ndoana ndogo inayonasa uzi kutoka chini. Mashini ikakwama. Kwaya ikachukua vitambaa vyake, ikavipeleka kwa mwingine.

"Maman," Hadassa akasema, "nilifanya vile kitabu inasema. Ligne kwa ligne. Banasema minye sijue kushona. Nilikosa wapi?"

Blandine alikunjua kitenge. Aliipindua mashini. Alikwaruza rangi nyeusi kwa ukucha. Chini ya nyeusi palikuwa na kijani. Aling'oa kibati cha namba. Chini ya kibati palikuwa na namba nyingine, iliyogongwa kwenye chuma chenyewe.

Mashini haikuwa ya ndege. Ilikuwa imepakwa rangi tu ili ipate bei. Kijitabu cha ndege kinasema ubavu bapa wa sindano utazame kulia, na uzi upite kutoka kushoto. Hii ya kijani inataka kinyume chake kabisa. Kila mama aliyefuata kijitabu kile kwa uaminifu alikuwa anaiharibu mashini yake mwenyewe, na kadiri alivyokuwa mtiifu, ndivyo alivyoiharibu mapema.

"Haukukosa, mutoto wangu," Blandine akasema. "Njo minye nilikosa."

Siku hiyo hiyo alikwenda sokoni.

"Maman, minye nauzisha bamashini," Rolly akamwambia. "Bitabu haiko kazi yangu."

"Weye ulipaka rangi. Ile ni zambi yako, utasema na Mungu. Signature ni yangu."

"Basi uende ukaifute nyumba kwa nyumba! Na ile miguu yako yenye kuvimba!"

"Njo minaenda," akasema Blandine.

Wasikilizaji wapendwa, hakuwa anafanya mzaha. Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, alisimama katikati ya kanisa akasema mbele ya wote kwamba vijitabu kumi na vinane alivyovitia sahihi ni vya uongo, na kwamba atavifuata kimoja kimoja. Baadhi walinong'ona. Baadhi walimcheka. Aliketi chini akiwa amenyooka.

Lakini kumnyang'anya mtu kijitabu bila kumpa kingine ni kumwacha tena mbele ya mgeni asiyesema. Ilibidi kipatikane kijitabu cha kweli cha mashini ya kijani. Akakitafuta miezi kumi na mmoja. Masista hawakukijua. Jamaa wa ng'ambo hawakukiona. Cyber ilimletea picha ya mashini yenyewe, bila hata ukurasa mmoja.

Mwishowe mzee mmoja wa Kikula, aliyekuwa akishona nguo za kazi za kampuni, alimwambia: "Ile ya verte, ya kijani? Tulikuwa nayo mu atelier ya kushona ba-bleus, manguo ya kazi. Kitabu yake ilikaa mu kabati. Bakati ya kufunga, makaratasi yote baliuzisha na kilo."

"Kwa nani?"

"Kwa bale bamama ba karanga."

Kila mtu hapa Likasi amekula karanga kutoka ndani ya karatasi ya kampuni. Umewahi kuona hesabu ya tani za shaba imekunjwa kama pembe, na karanga ndani yake. Blandine alikwenda sokoni, akachuchumaa mbele ya meza ya Mama Marceline, akaanza kukunjua pembe za karanga, akisoma.

"Eh, Maman!" Mama Marceline akapaaza sauti. "Unauza karanga ama unauza karatasi?" Kwetu, kama mjuavyo, kuuza ni kununua pia.

"Karatasi. Karanga ubakie nayo."

"Minye nina miaka makumi mbili hapa, wa kwanza njo weye! Benye wazimu benyewe banakulaka karanga!"

Lakini aliposikia habari za Hadassa, Mama Marceline aliiacha meza yake. Akampeleka nyumbani kwake, akavuta magunia matatu kutoka chini ya kitanda. Blandine akaketi sakafuni siku nne, akageuza karatasi moja moja. Siku ya nne, katika gunia la tatu, akakipata. Kurasa zimelowa mafuta. Jalada halipo. Namba ni ile ile. Ukurasa mmoja tu ulikosekana, ule wa kuirekebisha ndoana ya chini. Bila shaka ulikwisha kwenda na karanga za mtu.

Mtu mwingine angeuandika ukurasa huo kwa kukisia. Blandine alichukua ndoana nzima kutoka kwenye mashini nyingine ya kijani iliyokufa, akaifunga kwenye mashini ya Hadassa, na wote wawili wakajaribu. Walijaribu mara ishirini na mbili. Mshono uliponyooka, aliandika ukurasa ule kwa mkono wake, na juu yake akaweka maneno haya: "Huu hautoki kiwandani. Tumeutafuta sisi wenyewe. Atakayepata ulio bora aufute."

Kisha akaanza kuzunguka. Panda, Shituru, Kikula. Katika kila nyumba alitoa kijitabu cha kweli, akapokea cha uongo, akaikata sahihi yake kwa kalamu nyekundu mbele ya mwenye nyumba. Hadassa alimbebea mkoba. Nyumba ya kwanza, ya pili, ya kumi. Wakafika kumi na saba.

Kijitabu cha kumi na nane kilikuwa kwa Mama Jessica.

Hapo ndipo tulipo, wasikilizaji wapendwa. Katika daftari lake Blandine alikuwa ameandika hivyo tu: Mama Jessica. Ndivyo tunavyoitana. Mama akipata mtoto wa kwanza, jina lake mwenyewe linabaki kwenye kadi ya kura. Blandine aliwapata akina Mama Jessica wanne. Wa kwanza hakuwahi kununua mashini. Wa pili alikuwa mzee kuliko yeye, haoni tena tundu la sindano. Wa tatu alisema: "Mashini sina, lakini kama munagawa, muandike jina yangu!" Wa nne alimwambia kwamba yuko mwenzao mwingine, ambaye mumewe alipata kibarua upande wa Mwadingusha.

Alikwenda Mwadingusha. Fidélie alimkataza, na daktari alimkataza. Alikwenda kwa pikipiki, amejifunga kijitabu tumboni chini ya kitenge. Aliuliza nyumba kwa nyumba siku mbili. Mama Jessica alikuwa amekwisha kuhama.

Aliporudi, miguu yake haikuingia tena katika viatu. Moyo ulikuwa umechoka. Akiwa kitandani alimwita Fidélie, akamwambia achukue kalamu, aandike tangazo la kuleta redioni.

Fidélie aliandika, kisha akaweka kalamu chini. "Mama, batu bote batasikia. Batacheka jina yako."

"Bacheke," akajibu mama yake. "Kucheka haivunje sindano."

Fidélie anakiri, na ametuomba tuliseme, kwamba alilificha tangazo hilo wiki tatu chini ya godoro, kwa aibu. Mama yake aliuliza kila asubuhi kama limesomwa. Jumanne hakuuliza tena.

Kwa niaba ya redio hii, tunatoa pole kwa Fidélie na watoto wake, kwa jumuiya yote ya Panda, na kwa Hadassa, ambaye hakuzaliwa katika nyumba ile lakini ameketi matangani kama mtoto wa pili. Mwenyezi Mungu ampokee Blandine Mujinga mahali pa haki.

Na wewe unayesikiliza, jiulize jambo moja. Ni maneno gani uliyompa mtu ukiwa na uhakika wote, nawe hukuyapindua kuona tumbo lake? Mwanafunzi uliyemfundisha. Jirani uliyemshauri. Huenda leo anajilaumu kwa kosa lako. Mfuate. Usingoje akutafute yeye, kwa sababu hajui kwamba ni wewe.

Sasa tunalisoma tangazo kama lilivyoandikwa. Atakayemjua anayetajwa, amwite akae karibu na redio.

"Weye Mama Jessica, wenye uliuza mashini ya ndege kwa Rolly. Njo minye, Blandine wa Panda. Kitabu yenye nilikupatia ni ya mashini ingine. Niliweka signature bila kuangalia. Kama sindano inavunjika, haiko juu haujue kushona. Unajua. Usiuzishe mashini, usiifiche chini ya kitanda. Kuya ku Panda, nyuma ya kanisa ya paroisse, uulize nyumba yangu. Kitabu yako ya kweli iko, inakungojea. Kama haunikute, utamukuta Hadassa."