Kuna Kilichosogea?

Ukimwambia mama yetu "pole na kazi," hakuitikia "asante" kama watu wengine. Alitua alichobeba, akakuuliza, "Kwani kuna kilichosogea?" Wageni walidhani anawakejeli. Majirani walimzoea, wakawa wanamjibu, "Jua limesogea, mwalimu," naye akiwarudi palepale: "Jua halijaenda popote, ni sisi." Kisha akaingia ndani ameridhika.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi viatu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya mabasi. Mama yetu mdogo, ambaye yupo nasi leo, anasema tangu utotoni alipenda kukaa uani kutazama mabasi yakitoka. Hakuuliza yanakwenda wapi. Aliuliza yanakwendaje.

Alimaliza chuo cha ualimu mwaka 1972, akapangiwa sayansi kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka. Aliifundisha mpaka alipostaafu, katika chumba kilekile cha mwisho wa jengo, kando ya stoo. Wengi mliopo hapa mliwahi kusukuma ukuta wa chumba kile. Alimwita mbele mwenye maguvu kuliko wote, akamwambia asukume mpaka jasho limtoke.

"Umefanya kazi gani?"

"Nimesukuma ukuta, mwalimu."

"Ukuta umefika wapi?"

"Upo palepale, mwalimu."

"Basi hujafanya kazi. Umechoka tu. Rudi ukakae."

Darasa lilicheka, na hakuna aliyesahau kwamba katika sayansi kusukuma peke yake si kazi, mpaka kitu kiondoke mahali pake. Wakamwita Mwalimu Sogeza.

Alifunga ndoa na baba, karani wa ghala la nafaka, tarehe 6 Desemba 1975, wakajaliwa watoto watatu, mimi nikiwa wa kwanza. Mwaka 1983 alichaguliwa kwenda mji mwingine kusomea sayansi kwa miaka miwili. Alishafunga begi. Baba hakumkataza. Alimuuliza tu, "Nenda, lakini nani atamwangalia mama?" Bibi, mama mzaa baba, alikuwa haoni tena, na alilala chumba cha mbele. Mama akalifungua begi. Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo, na nafasi ile haikurudi. Sikuwahi kumsikia mama akimnung'unikia bibi. Ila alipokuwa akimkanda miguu alimweleza mwendo wa sayari kwa sauti ya chini, na bibi akiitikia "ehe, ehe," kama anayepewa umbea wa mtaani. Baba alitangulia mwaka 2009.

Tarehe 2 Juni 2017 mama alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukapooza. Binti mmoja wa hospitali, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alimwambia, "Sukuma mkono wangu, mama." Akasukuma mpaka machozi yakamlengalenga. Mkono wa binti haukusogea. "Andika sifuri," akamwambia, na tukacheka sote, yeye wa kwanza. Kiti cha magurudumu hakikupita kwenye mlango wa chumba chake, na dirisha lilitazama ukuta wa jirani.

Mwaka huohuo nilikuwa nimepata nafasi ya kufundisha chuoni, mbali na nyumbani. Wadogo zangu wakaniambia, "Nenda, dada, lakini nani atamwangalia mama?" Mwaka 1983 walikuwa wadogo mno, hawakujua maneno hayo ni ya nani. Mama aliyasikia kutoka kitandani. Tangu siku hiyo hakuacha kunifukuza. Mgeni akiingia tu, alimuuliza kwa sauti ya darasani, "Huyu hana kwake?" Nikimlisha, alifumba mdomo. "Kwanza niambie unaondoka lini." Nilimwambia mwezi ujao. Mwezi ujao ukifika, nilimwambia hivyohivyo, naye akafungua mdomo, akala, bila kunitazama.

Marehemu ameacha mdogo wake mmoja, watoto watatu, wajukuu sita na wanafunzi ambao hakuna aliyewahi kuwahesabu. Mwenyezi Mungu amlaze mahali penye nafasi.

Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 19 Februari 2024. Nilikuwa nimempelekea maji. Alifumbua macho, akanitazama kwa kitambo, akasema, "Kumbe hukwenda, mwanangu."